Kozi nane za Masomo ya Makabila, ya hesabu hakuna: kisa cha kuhama chuo California

Binti wa kisa hiki si mtu mmoja. Nimemuunda kutokana na hali zinazojirudia katika familia za wakimbizi wanaozungumza Kiswahili San Diego, ili nisimwanike mtoto wa mtu. Kanuni, tarehe na ada zilizomo ni zenyewe, za California, kwa mwaka wa masomo 2025/26.

Ana miaka 21. Amezaliwa Nyarugusu, wilayani Kasulu, kambi iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokuwa wakivuka Ziwa Tanganyika. Wazazi wake ni watu wa Fizi, Kivu Kusini. Shule ya msingi aliisomea kambini kwa mtaala wa Kongo, yaani kwa Kifaransa. Nyumbani ni Kiswahili na Kibembe. Kiingereza alikuja kukutana nacho sawasawa San Diego, familia ilipoletwa na kupata nyumba ya kupanga City Heights. Baba anasafisha ofisi usiku. Mama analea watoto wa majirani mchana. Binti alimaliza sekondari Juni 2023, na Agosti mwaka huohuo akajiandikisha chuo cha jamii, ambacho watu wetu huku wanakiita koleji tu.

California ina vyuo hivyo 116. Mpango Mkuu wa elimu ya juu wa 1960 uligawa kazi hivi: mfumo wa UC (University of California) uchukue moja ya nane ya juu ya wahitimu wa sekondari, mfumo wa CSU (California State University) uchukue theluthi ya juu, na koleji zimfungulie mlango yeyote anayetaka kusoma. Ukimaliza miaka miwili koleji, unahamia chuo kikuu ukaingie mwaka wa tatu. Ada ya koleji ni dola 46 kwa yuniti, kwa hiyo kozi ya kawaida ya yuniti 3 ni dola 138, na familia yenye kipato kama cha hii husamehewa hata hizo. Kwa karatasi, hakuna njia rahisi zaidi ya kupata shahada Marekani. Kwa vitendo ni jambo jingine. Ripoti ya Mkaguzi wa Jimbo ya 2024 iliwafuatilia wanafunzi walioanza kati ya 2017 na 2019 wakiwa na nia ya kuhama: katika miaka minne, aliyekuwa amehama ni takriban mmoja kati ya watano.

Kisa kinaanza katikati ya Septemba 2025. Binti ana yuniti 50, wastani wa alama 3.4, na anataka kuingia chuo kikuu vuli ya 2026 akasomee Masomo ya Makabila, yaani Ethnic Studies. Muhula mpya umeshaanza, naye amejiandikisha kozi tatu: historia ya Wafilipino wa Marekani, filamu za Wachikano, na uchoraji. Kuna rafiki amemwambia kwamba dirisha la dhamana ya kupokelewa UC linafungwa tarehe 30. Hajawahi kusikia habari za dhamana hiyo.

Swali la baba

Baba naye ana lake. Jumapili baada ya ibada, mbele ya wageni, kamuuliza: "Mwanangu, hayo makabila si ndiyo tuliyoyakimbia? Sasa unaenda kuyasomea digrii?"

Watu walicheka, lakini swali ni la haki kabisa, na binti hakuwa na jibu fupi. Mtu aliyetoka Kivu akisikia kwamba kuna somo zima la makabila, anachofikiria ni orodha ya nani ni nani, na anajua orodha za namna hiyo zilivyotumika. Ilibidi aelezwe kwamba huku somo hili linahusu makundi manne ambayo vitabu vya historia vya Marekani viliyaruka au kuyasimulia kwa mdomo wa wengine: wenyeji wa asili wa Amerika, watu weusi, Waamerika wenye asili ya Asia na visiwa vya Pasifiki, na Walatino, wakiwemo Wachikano, yaani watu wenye asili ya Mexico. Linauliza nani alichukua ardhi, nani alifanya kazi, sheria zilimpa nani uraia na zikamnyima nani, na watu wenyewe walipambanaje.

Tena lilipatikana kwa mapambano. Tarehe 6 Novemba 1968, wanafunzi wa San Francisco State, wakiongozwa na Umoja wa Wanafunzi Weusi na muungano uliojiita Third World Liberation Front, walianza mgomo uliodumu hadi Machi 1969. Polisi waliingia chuoni na mamia wakakamatwa. Mkuu wa chuo aliyeletwa kuuzima, S. I. Hayakawa, alipanda juu ya gari la wagomaji na kung'oa nyaya za vipaza sauti mbele ya kamera. Wanafunzi walitoka na kitivo kizima cha Masomo ya Makabila, cha kwanza nchini. Wenzao wa Berkeley waligoma Januari 1969, nao wakapata idara.

Koleji hazikuwa watazamaji. Huey Newton na Bobby Seale, walioanzisha chama cha Black Panther Oktoba 1966, walikutana wakiwa wanafunzi wa koleji ya Oakland ambayo baadaye ikajulikana kama Merritt College, na madai ya kufundishwa historia ya watu weusi yalikuwa yakisikika hapo kabla ya mgomo wa San Francisco. Kwa hiyo mtoto wa mfanyakazi kuanza somo hili koleji si kuingilia mlango wa nyuma.

Hilo binti analijua vizuri kuliko mimi. Ameandika insha juu yake na kupata A. Asichokijua ni namna kozi zake zinavyohesabiwa.

Transkripti

Ukiiweka transkripti yake, yaani orodha rasmi ya kozi na alama, mezani na kalamu, inasomeka hivi. Masomo ya Makabila, kozi sita, yuniti 18: utangulizi wa masomo ya watu weusi, historia ya Waamerika weusi sehemu ya kwanza na ya pili, utangulizi wa masomo ya Wachikano, wenyeji wa asili, na Waamerika wa Asia. Kiingereza cha uandishi, kozi ya kwanza, yuniti 3. Kuzungumza mbele ya watu, 3. Kifaransa cha kwanza na cha pili, yuniti 10, A zote mbili bila jasho. Saikolojia 3, sosholojia 3, muziki 3, afya 3, mbinu za kusoma chuoni 3, mazoezi ya viungo 1. Jumla 50. Ukiongeza zile mbili za muhula mpya, ya Wafilipino na ya filamu za Wachikano, kozi za Masomo ya Makabila zinakuwa nane.

Kozi ya kwanza ya watu weusi aliichukua kwa sababu ilikuwa Jumanne na Alhamisi asubuhi, kabla ya zamu yake dukani. Wiki ya tatu mwalimu aliwapa kazi ya kumhoji mzee wa familia na kuyaweka maelezo yake kando ya sheria za uhamiaji za wakati ule. Binti alimhoji mama yake kuhusu usahili wa wakimbizi kambini: mara ngapi waliitwa, nani aliuliza nini, jibu gani lilibidi lirudiwe neno kwa neno miaka miwili baadaye. Kurasa tano zikawa kumi na moja. Tangu siku hiyo kila muhula alitafuta kozi nyingine ya namna hiyo, na kila muhula hesabu ikasogezwa mbele.

Yapo maelezo mepesi ya jambo hili, kwamba binti ni mvivu wa hesabu na Masomo ya Makabila ni maficho. Mimi siyakubali. Kuna utafiti wa Thomas Dee na Emily Penner, uliochapishwa 2017, juu ya wanafunzi wa sekondari San Francisco waliokuwa na alama za chini na kuwekwa katika kozi ya Masomo ya Makabila: mahudhurio yalipanda kwa pointi 21 za asilimia na wastani wa alama kwa pointi 1.4. Wako wataalamu waliouhoji utafiti huo kwa ukali, na ni wa sekondari, kwa hiyo sitauegemea sana. Lakini kwa binti huyu, ambaye muhula wa kwanza alikuwa karibu kuacha chuo aongeze saa dukani, kozi ile ndiyo iliyomrudisha darasani. Kumwambia leo kwamba hakupaswa kuichukua ni kutomwelewa.

Kosa liko kwingine. Alianza kuisomea fani mahali ambapo kazi yake ilikuwa kumaliza masharti ya kuingilia. Kozi za juu za Masomo ya Makabila atazikuta chuo kikuu, miaka miwili mizima, na walimu waliobobea. Takwimu ya mwaka wa kwanza, ambayo ndiyo kozi ya hesabu anayoihitaji, hakuna atakayemsubiri nayo huko: asipofika nayo, hapokelewi. Koleji, ukiacha programu chache za shahada zilizoruhusiwa, haifundishi kozi za mwaka wa tatu na wa nne, kwa hiyo hata achukue kozi kumi za utangulizi, bado ni za utangulizi.

Na hakuna aliyemwambia mapema. Miadi na mshauri wa masomo katika koleji kubwa huwa nusu saa, nayo husubiriwa wiki kadhaa. Mshauri wa kwanza alimuuliza anapenda nini, akasema historia ya watu weusi, akaonyeshwa kozi za historia ya watu weusi. Hakuna aliyedanganya.

Kozi moja, milango mitatu

Sasa tuingie kwenye hesabu yenyewe. Kozi ya Masomo ya Makabila iliyosomwa koleji inaweza kupita mlango mmoja kati ya mitatu, na wanafunzi wengi wanaujua mmoja tu.

Mlango wa kwanza ni masomo ya jumla. Mwaka 2020 gavana Newsom alitia saini sheria ya AB 1460, iliyotungwa na Shirley Weber, profesa wa Africana Studies wa San Diego State kwa miaka mingi, wakati huo mbunge na baadaye katibu wa jimbo. Sheria hiyo inamtaka kila anayehitimu CSU, kuanzia wa 2024/25, awe amesoma angalau yuniti 3 za Masomo ya Makabila. UC nayo ikaweka sharti hilo katika mpangilio wa uhamisho kuanzia vuli ya 2023. Sasa mifumo yote miwili inatumia mpangilio mmoja, Cal-GETC, ulioanza vuli ya 2025: kozi 11, yuniti 34, na eneo la sita ni la Masomo ya Makabila, kozi moja.

Moja. Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza, kwa sababu tangazo la sheria liliwafanya waamini kwamba kila kozi ya namna hii inafungua mlango. Halafu si kila kozi inayozungumzia ubaguzi inakubalika: lazima iwe imesajiliwa chini ya idara ya Masomo ya Makabila au ndugu zake, na itimize angalau malengo matatu kati ya matano yaliyowekwa. Kozi ya sosholojia ya ubaguzi, hata iwe nzuri namna gani, haiingii eneo la sita kama haina usajili huo. Mwanafunzi aangalie orodha iliyoidhinishwa ya koleji yake, ya mwaka aliosoma kozi, asiangalie jina la kozi.

Kozi nyingine mbili za binti zinaweza kukaa maeneo mengine: utangulizi wa Wachikano kwenye fasihi na utamaduni, na historia ya Waamerika weusi kwenye sayansi ya jamii, sambamba na sosholojia, kwa kuwa eneo hilo linataka kozi mbili za taaluma tofauti. Muziki unajaza nafasi ya sanaa. Uandishi wa kwanza na kuzungumza mbele ya watu vinajaza mbili kati ya tatu za mawasiliano. Ukijumlisha, ana kozi 7 kati ya 11. Zilizobaki ni nne: uandishi wa hoja, hesabu, sayansi ya maumbile, na sayansi ya viumbe, moja kati ya hizo mbili ikiwa na maabara.

Mlango wa pili ni matayarisho ya fani. Hapa kila chuo kikuu kina lake, na mahali pa kuangalia ni ASSIST, tovuti ya jimbo inayoonyesha makubaliano ya kutambuana kozi. Unachagua koleji yako, chuo unachokwenda, mwaka na fani; kushoto unaona kozi wanayoitaka, kulia unaona ya koleji yako inayolingana nayo, au maelezo kwamba hakuna inayolingana. Idara ya UC San Diego, kwa mfano, ina mfululizo wa kozi tatu za utangulizi za kwake, zilizopangwa kwa mada, wakati koleji hupanga kozi zao kwa makundi. Tena UC nyingi husoma kwa robo mwaka. Koleji nyingi husoma kwa mihula. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na kozi sita za somo hilohilo na bado akaambiwa aanze na utangulizi.

Mlango wa tatu ni yuniti za kujazia zile 60 za miaka miwili ya kwanza. Kozi isiyopata nafasi kwenye milango miwili ya kwanza huingia hapa. Haikupotea, lakini haikuharakishi tena. Kozi tatu za binti ziko hapa, pamoja na Kifaransa chote, saikolojia na afya.

Kuna mtego mdogo wa yuniti. Si kila kinachohesabiwa CSU kinahesabiwa UC. Ile kozi ya mbinu za kusoma chuoni, kwa koleji ya binti, UC haiitambui. Kwa hiyo mbele ya CSU ana 50, mbele ya UC ana 47.

Njia zilizokuwepo

Aliyemsaidia mwishowe ni mshauri wa mpango wa Umoja, unaowahudumia wanafunzi weusi katika koleji nyingi za California. Binti aliusogelea ule mlango kwa sababu ya jina, akidhani atakuta watu wa kwao. Akakuta Wamarekani weusi waliomfundisha kuhusu Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi, kwa Kiswahili cha miaka ya sitini. Wakaelewana vizuri tu. Faida yake kubwa ni kwamba mshauri wa Umoja ana wanafunzi wachache na anakujua kwa jina, kwa hiyo miadi inachukua muda inaohitaji.

Njia ya kwanza ilikuwa kusubiri: kubaki mwaka mzima bila haraka na kuomba vuli ya 2027. Baba aliipenda, kwa kuwa binti angeendelea kufanya kazi. Tatizo ni fedha zenyewe. Ruzuku ya Pell ya serikali kuu ina ukomo wa maisha, sawa na mihula 12 ya kusoma muda wote, na msaada wa fedha hukaguliwa usizidi asilimia 150 ya yuniti za programu, yaani yuniti 90 kwa programu ya 60. Kila muhula unaotumika koleji unapunguza ile ya chuo kikuu, ambako gharama ni kubwa.

Ya pili ilikuwa shahada ya uhamisho ya miaka miwili, iliyotokana na sheria ya SB 1440 ya 2010. Kwa fani hii inaitwa Social Justice Studies: yuniti 60, angalau 18 zikiwa za fani, na mwenye nayo anahakikishiwa nafasi CSU akiwa na yuniti 60 tu zilizobaki. Dhamana ni ya mfumo; haimhakikishii kampasi anayoitaka. San Diego State, iliyo umbali wa basi moja kutoka kwao, hupata waombaji wengi kuliko nafasi. Mtu anaweza kuwa na dhamana mkononi na akapelekwa kampasi ya saa sita kwa gari. Halafu lazima kuangalia fani gani za kampasi hiyo zinahesabiwa kuwa zinafanana na shahada yake.

Ya tatu ni ile dhamana ya kupokelewa UC, kwa kifupi TAG (Transfer Admission Guarantee). Kati ya kampasi tisa za UC zenye shahada ya kwanza, sita zinaitoa: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo. Unaomba kampasi moja tu, kuanzia tarehe 1 hadi 30 Septemba, ukiwa na angalau yuniti 30 zinazotambulika. Baadhi ya kampasi zinataka Kiingereza na hesabu viwe vimekamilika mwisho wa muhula wa vuli, si wa majira ya kuchipua unaofuata.

Alichoshauriwa, na ninachokiona sahihi, ni kuomba dhamana ya Riverside, kuomba UC San Diego na San Diego State kwa njia ya kawaida, na kubadilisha ratiba wiki hiyohiyo. Riverside ina idara ya Masomo ya Makabila na iko mwendo wa chini ya saa mbili kwa gari, ukiondoka kabla ya foleni. Santa Barbara ndiyo aliyoipenda, kwa historia yake: Oktoba 1968 wanafunzi weusi 12 walijifungia katika jengo la North Hall, na idara ya Black Studies ikatokana na hapo. Lakini ni mbali, na nyumba za kupanga kule ni bei ya kutisha. Mama alisema neno moja tu, kwamba Riverside mtoto anaweza kurudi Jumapili.

Kubadilisha ratiba ndiko kulikouma. Filamu za Wachikano na uchoraji aliziacha. Historia ya Wafilipino akaibakiza, kwa kuwa mwalimu wake ndiye atakayemwandikia barua za kuombea ufadhili. Tarehe ya kuacha bila alama ilikuwa imepita, hivyo zote mbili zitaonekana kwenye transkripti kwa herufi W. W haigusi wastani wa alama. Inagusa kipimo cha msaada wa fedha, kinachotaka mwanafunzi akamilishe angalau asilimia 67 ya yuniti alizojiandikisha, na kwa rekodi yake hana hofu hapo. Badala yake akachukua kozi mbili za wiki nane zinazoanza Oktoba: takwimu, yuniti 4, na uandishi wa hoja, yuniti 3. Muhula wa kuchipua ni biolojia yenye maabara, 4, jiolojia, 3, na kozi moja ya matayarisho ya fani itakayochaguliwa kwa kusoma ASSIST, 3.

Hesabu ya UC: 47, ongeza 3 za Wafilipino, 7 za Oktoba, 10 za kuchipua. Zinakuwa 67. UC hutambua hadi yuniti 70 kutoka koleji, kwa hiyo muhula mmoja zaidi wa kozi za kupenda ungemfikisha ukingoni.

Takwimu kwa wiki nane ni kazi nzito, hasa kwa mtu aliyefundishwa hesabu kwa Kifaransa kambini kisha kwa Kiingereza San Diego. Ningependa aichukue kwa muhula mzima. Septemba 15 hakuna muhula mzima uliobaki. Alipunguza zamu dukani kutoka nne hadi mbili kwa wiki, na baba, ambaye bado hajaridhika na fani, ndiye aliyejitolea kuziba pengo la kodi.

Insha, na jibu kwa baba

Kozi zile sita zinarudisha thamani yake mahali ambapo binti hakutarajia. Mwombaji anayehamia UC huandika majibu manne, kila moja lisizidi maneno 350, na moja ni la lazima: ueleze ulivyojiandaa kwa fani unayoiomba. Wengi huandika hapo kwamba wanapenda kusaidia watu. Yeye ana kurasa kumi na moja za mahojiano ya mama yake, ana kozi ya wenyeji wa asili iliyomfundisha kusoma mikataba ya ardhi, na anaweza kusema ni swali gani anataka kulifuata: namna karatasi za usahili zinavyoamua historia ya familia. Hilo halifundishwi kwa muhula mmoja.

Kuhusu kazi, ambalo ndilo swali lenyewe la baba, ningemsihi binti asimwambie kwamba sheria imeleta ajira. Ni kweli mwaka 2021 California ilipitisha AB 101, ya kuyafanya Masomo ya Makabila kuwa sharti la kuhitimu sekondari, kwa wahitimu wa 2029/30. Lakini sheria hiyo imefungwa kwenye fedha za bajeti, na bajeti ya 2025/26 haikuzitenga, kwa hiyo kila wilaya inafanya inavyoona. Kilicho thabiti ni kwamba shahada hii hupeleka watu kwenye ualimu baada ya leseni, sheria, kazi za ustawi wa jamii, afya ya umma na ofisi za kuwahudumia wahamiaji, na karibu zote zinadai hatua moja zaidi baada ya shahada ya kwanza. Baba aambiwe hivyo, pamoja na miaka na gharama ya hiyo hatua. Mzee aliyejaza fomu za wakimbizi kwa miaka mingi anatambua mara moja mtu anapomficha sehemu ya fomu.

Maombi ya TAG ya Riverside yaliingia kabla ya tarehe 30. Maombi yenyewe ya UC na CSU hupokelewa kuanzia Oktoba na kufungwa mwanzoni mwa Desemba, na mwenye TAG naye lazima atume ya kawaida, vinginevyo dhamana inakufa. Januari anatakiwa arudi kwenye akaunti yake ya UC kuandika alama za vuli na kozi za kuchipua, kabla ya tarehe 31. Hapo ataeleza zile W mbili, na ataandika alama ya takwimu. Akipata chini ya C, dhamana ya Riverside haipo, na kinachobaki ni kuirudia muhula wa kuchipua na kutegemea San Diego State, ambayo itakubali hesabu iliyokamilika mwisho wa kuchipua.